Shingo ya gitaa ya mfukoni: nimekaa nayo JKT miezi mitatu

Majina ya waliopangiwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, yalipotoka nilikuwa kanisani, gitaa begani, tunapitisha wimbo wa tatu kati ya saba tulizopanga kurekodi Julai. Rafiki yangu wa sauti ya pili akanisogezea simu: shule yetu, jina langu, na kambi moja ya nyanda za juu kusini. Mtihani wa kidato cha sita tulikuwa tumeumaliza wiki chache tu nyuma. Mwalimu wa kwaya akaniambia, "Nenda, mwanangu, ni heshima hiyo," na naamini alisema kwa moyo wake wote. Ila mazoezi yalipoisha nilimwona amekaa pembeni na yule kijana wa gitaa la ridhimu, anamwimbia kwa mdomo vipande vyangu vya solo.

Usiku ule nilichowaza ni vidole.

Kwa asiyepiga gitaa nieleze. Nyuzi za chuma zinakata. Miezi ya mwanzo ncha za vidole vya mkono wa kushoto zinauma na kuchubuka, halafu zinaota sugu, na sugu hizo ndizo zinazokubeba ukashika seben, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, dakika 40 sifa zikikolea. Ukikaa wiki mbili tatu bila kugusa gitaa ngozi inaanza kulainika. Ukikaa miezi mitatu unarudi karibu kabisa na pale ulipoanzia. Kaka mmoja wa kwaya yetu alikwenda mwaka uliotangulia mikono mitupu, na aliporudi ulipita zaidi ya mwezi ndipo akamaliza wimbo mmoja bila kupuliza vidole.

Ndiyo maana nikapanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta kitu nilichowahi kukiona kwenye video: kipande cha shingo ya gitaa cha kufanyia mazoezi. Duka la tatu nikakipata. Nilianziwa Sh 50,000, tukamalizana Sh 38,000. Ni plastiki ngumu nyeusi, urefu kama sentimita 22, freti sita (vile vyumba vya kubonyezea vilivyogawanywa kwa mistari), na nyuzi sita za chuma kama za gitaa lenyewe. Mwisho mmoja kuna sponji inayobana nyuzi zisilie, mwisho mwingine skrubu sita ndogo za kukazia. Yapo pia ya aina yenye kioo cha kuonyesha kodi za muziki, hayo yanatumia betri, nikayaacha. Niendako sikutaka kitu kinachowaka wala kulia.

Orodha ya vitu vya kwenda navyo kila aliyepitia anaijua: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi, vyeti vyako vyote, nauli. Gitaa halimo. Nilikiviringisha kile kifaa ndani ya soksi nikakitia katikati ya begi, lakini sikukificha. Nilijiambia nikiulizwa nitasema.

Nikaulizwa. Afande aliyekuwa anakagua mabegi getini alikitoa, akakigeuza mara mbili, akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi. Kikatoa mkwaruzo tu.

"Hiki nini, kuruta?"

"Ni cha kufanyia mazoezi ya gitaa, afande."

"Kinapiga?"

"Hakipigi, afande. Ni vidole tu."

Akakikaza tena kile kidole juu ya uzi wa kwanza, akaangalia alama iliyobaki kwenye ngozi, akanirudishia. Mpaka leo sijui kama naye ni mpigaji. Kambi nyingine au afande mwingine huenda wasikubali, kwa hiyo unayefikiria kubeba chako, kionyeshe mapema na uwe tayari kukiacha.

Sasa nije kwenye kazi yake. Ratiba ya kozi ya awali haikuachii nafasi. Filimbi inalia bado giza, mchakamchaka, usafi, kwata mpaka jua linakaa utosini, jembe, masomo ya darasani, kuhesabiwa, kulala. Nilipata robo saa usiku, nimelala chali kwenye deka la juu, kile kitanda cha ghorofa, shuka mpaka kidevuni, shingo ya gitaa kifuani. Hapo ndipo kifaa hiki kilipostahili kila shilingi. Hanga, bweni letu, lilikuwa na mabinti zaidi ya hamsini waliochoka, na aliyekuwa deka la chini yangu hakuwahi kujua kwamba nafanya mazoezi mpaka nilipomwambia wiki ya tano. Sponji inazima kabisa. Nilipanda skeli ya G taratibu, nikashuka, kisha kodi: C, A ndogo, F, G, nikirudia F mara nyingi kuliko zote kwa sababu kidole cha shahada kulala juu ya nyuzi sita ndicho kitu cha kwanza kupotea.

Chenja, zile nyimbo za mchakamchaka, nazo zilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Mchana mtu mmoja anarusha, kombania nzima inaitikia huku miguu inapiga chini, na usiku nilikuwa natafuta zile sauti kwenye freti. Sizisikii, nazijua tu kwa kidole: hapa freti ya pili, hapa ya nne, rudi. Kwata yenyewe ilinifundisha kushika mwendo. Kabla ya hapo nilikuwa na tabia ya kukimbia wimbo ukinoga. Saa mbili za kupiga mguu sawa na watu mia, ukikosea nusu hatua unaonekana, zimenitoa ugonjwa huo. Nasema hivi kwa sababu si haki kusimulia kilichopotea peke yake.

Lakini mikono. Wiki ya tatu nilikaa nje ya hanga Jumapili mchana nikaitazama. Sugu zilikuwa zimehama. Ncha za vidole zilianza kuwa laini, na chini ya vidole, pale mpini wa jembe unapokaa, zilikuwa zimeota sugu nne za njano ngumu kama punje za mahindi. Mkono uleule, kazi nyingine. Nililia kidogo, siwezi kukataa. Kuanzia siku hiyo nikaongeza dakika tano asubuhi kabla ya filimbi, kwenye baridi ya Juni ambayo vidole vinakuwa kama si vyako.

Na hapo ndipo kasoro za kifaa zilipoanza kujitokeza.

Kubwa kuliko zote ni freti. Kwenye gitaa la kweli freti zinapungua upana kadiri unavyopanda. Langu ni la sentimita 65 kutoka daraja mpaka kichwa: freti ya kwanza ina sentimita 3.6, ya pili 3.4, ya tatu 3.2 hivi. Kwenye hiki zote sita zina sentimita 3 kamili, nimepima kwa rula. Aliyekitengeneza alichora mistari tu. Kwa anayeanza kujifunza, hilo ni kosa baya, kwa sababu kidole kinazoea umbali usiokuwepo. Kwa anayejua tayari, unarudi ukiwa unafika kabla ya freti kwenye kodi za chini. Ilinichukua siku nne kujirekebisha, na ilinikera.

La pili ni mkazo. Uzi mfupi hivi haukazi kama uzi wa gitaa hata uzungushe skrubu mpaka mwisho. Sugu nilizolinda zilikuwa nusu sugu. Nilizungusha ya uzi wa tatu kwa nguvu kwa ufunguo wa sanduku langu, ikala plastiki, na tangu Julai uzi ule umelegea. Nilipokirudisha dukani nikaambiwa hawauzi vipuri. Hata nyuzi za akiba hazikuja kwenye boksi, na uzi wa kwanza na wa pili zilikwishashika kutu kwa ukungu wa asubuhi. Kutu inakwaruza ngozi vibaya, nikawa nazifuta kwa upindo wa fulana kila nikimaliza.

La tatu huwezi kukilaumu kifaa, ila mnunuzi ajue: mkono wa kulia haupati kitu. Hakuna pa kupigia. Na sikio halipati kitu. Ukibonyeza vibaya uzi ukawa unakwaruza, hutajua. Nilirudi na mkono wa kushoto ulio hai na mkono wa kulia uliosahau namna ya kuzuia nyuzi kwa kiganja.

Matokeo, basi. Nimerudi mwisho wa Agosti. Siku ya kwanza nilipiga dakika 15 vidole vikaanza kuungua. Baada ya siku 12 nilikuwa nashika ibada nzima. Ukilinganisha na yule kaka aliyehitaji mwezi na zaidi, kifaa kimefanya kazi yake.

Rekodi ilikwishafanyika. Studio ilishalipiwa nusu, wasingeweza kunisubiri, na nyimbo saba zimetoka na solo ya yule kijana wa ridhimu. Amepiga vizuri. Wimbo wa tatu alibadilisha kipande changu cha katikati, akakifanya rahisi, na ndivyo kitakavyosikika sasa. Jumapili ya kwanza nilikaa kwenye viti vya waumini. Sasa tunapokezana, wiki yeye wiki mimi. Hilo hakuna kifaa cha Sh 38,000 kinacholitibu, na nisingependa mtu anunue akidhani linatibika.

Mjomba wangu aliniambia nishukuru. Yeye alikwenda miaka ya themanini, enzi ambazo mujibu wa sheria ulikuwa mwaka mzima. JKT imeanza Julai 10, 1963. Utaratibu wa lazima ukasimamishwa 1994 na kurejeshwa 2013, ndio huu tunaoenda sisi wa kidato cha sita. Alikuwa mpiga besi, na anasema kilichomfariji ni kwamba muziki ulikuwamo humohumo jeshini: JKT ilikuwa na Kimulimuli, JWTZ, Jeshi la Wananchi, ilikuwa na Mwenge Jazz, bendi za dansi zilizopigwa redioni kama bendi nyingine yoyote. Mwanajeshi na mpiga gitaa angeweza kuwa mtu mmoja. Najua matarumbeta ya gwaride bado yapo na ni mazuri. Lakini kuruta wa miezi mitatu hafiki huko. Laiti kila kambi ingekuwa na magitaa mawili tu kwenye chumba fulani, kwa saa moja kila Jumapili, nisingekuwa naandika tathmini ya kipande cha plastiki.

Wenzetu wa Korea Kusini ndio wanaojua uzito wake. Anayeingia jeshi la nchi kavu anakaa miezi 18. BTS, kundi lao la muziki wa pop, kwa umaarufu wao wote, wa kwanza aliingia Desemba 2022 na wa mwisho akamaliza Juni 2025. Mpiga piano Seong-Jin Cho aliyeshinda mashindano ya Chopin mwaka 2015 alipata ruhusa ya kutumikia kwa sanaa yake. Mimi sidai kusamehewa. Ningeulizwa kwenda tena ningekwenda, kuna wasichana wa hanga lile ambao leo ni ndugu zangu. Ninachodai ni robo saa inayotambulika, ili mtu asilinde kipaji chake kwa kujifunika shuka.

Nikipe alama: tatu na nusu kati ya tano. Nunua kama tayari unapiga na unakwenda mahali gitaa haliingii. Usinunue kwa mtoto anayejifunza, hizo freti zitamharibu. Kabla ya kuondoka, toa nyuzi zilizokuja nacho, weka za gitaa za unene namba kumi ulizozizoea, na ubebe za akiba, mbili za uzi wa kwanza na mbili za uzi wa pili, ndani ya karatasi yenye mafuta ya nazi kidogo. Skrubu izungushe kwa vidole peke yake, ikigoma iache. Na mkono wa kulia uupe kazi kwa kupigapiga paja ukifuata chenja, mimi nilichelewa kulifikiria hilo.

Mpiga kinanda wetu anamaliza kidato cha sita mwakani na ameniuliza kama kuna kitu kama hiki cha kinanda. Vya mpira vinavyokunjwa nimeviona, ila vinatumia betri na vinalia. Anayejua kisicholia, chenye vitufe vya upana wa kweli, naomba aniambie kabla ya Mei.