Mvinyo mweupe wa kusini-magharibi mwa Ufaransa: anza na Saint-Mont

Kabla ya bei, tafuta neno moja kwenye lebo: sec, yaani mkavu. Mimi sikulitafuta. Wageni wako sebuleni, samaki yuko jikoni, nikakimbilia chupa ya Jurançon kwa kuwa jina nalijua. Kuonja tu, mtamu kama asali! Jurançon usioandikwa sec ni mvinyo mtamu, na Pacherenc du Vic-Bilh ni vivyo hivyo.

Ndiyo maana namba moja naipa Saint-Mont, wa upande wa mkoa wa Gers. Mweupe wake ni mkavu, hubahatishi, na huko Ufaransa chupa nzuri huipata chini ya euro 10. Zabibu zake ni za kwao hasa: Gros Manseng, Petit Courbu na Arrufiac. Hii Arrufiac ilikaribia kupotea kabisa. André Dubosc na wakulima wa ushirika wa Plaimont, ulioundwa 1979, ndio walioirudisha mashambani. Jina la Saint-Mont lilipata hadhi ya AOC, yaani jina la asili linalolindwa kisheria, mwaka 2011, kwa hiyo bado halijapandishiwa bei ya umaarufu. Usiunywe ukiwa baridi ya kutia ganzi. Uache glasini dakika kumi: hutangulia balungi, halafu harufu ya mawe yaliyonyeshewa, mwishoni kauchungu ka ganda la balungi. Nimeunywa na samaki wa kupaka, ukaelewana na tui bila ugomvi.

Wa pili ni Jurançon sec, kutoka vilima vinavyotazamana na mji wa Pau. Una uchachu mkali zaidi, hutunzika miaka, na bei iko juu. Ukiona Camaralet au Lauzet zimetajwa nyuma ya chupa, ichukue. Zabibu hizo ni chache mno. Husimuliwa kwamba Henri IV, aliyekuja kuwa mfalme wa Ufaransa, alipozaliwa Pau mwaka 1553 alipakwa mdomoni kitunguu saumu na Jurançon. Maskini mtoto.

Pacherenc sec, wa eneo lile lile la mvinyo mwekundu wa Madiran, ni wa tatu kwa sababu moja tu: kuupata ni kazi.

Côtes de Gascogne nauweka mwisho. Mara nyingi ni Colombard na Ugni Blanc, wala si zabibu adimu. Ila ukiwa na watu ishirini uani na jua linawaka, nunua huo bila haya, mradi iwe chupa ya mavuno ya karibuni. Hunywewa ungali mchanga.