Tathmini: Programu ya Viwango vya Zamani vya Shilingi ya Kenya na ya Tanzania

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikilipia, kupitia M-Pesa, programu moja ya simu inayotoa kumbukumbu za viwango vya kubadilisha fedha, kwa shilingi 450 kila mwezi. Sitaitaja jina, kwani kasoro nitakazozieleza nilizikuta pia katika nyingine mbili za bure nilizozijaribu. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya wafanyabiashara wa nafaka wa Nyamakima, jijini Nairobi, ambao huagiza mchele kutoka Tanzania, na aghalabu ankara hunifikia mzigo wenyewe ukiwa umeshapikwa na kuliwa zamani. Kwa hivyo kiwango cha leo hakinifai. Ninachohitaji ni kiwango cha siku ile fedha zilipolipwa.

Sifa zake nizitaje kwanza. Ukichagua sarafu mbili na tarehe, jibu huja papo hapo, hata ndani ya jengo letu ambamo mtandao husuasua, na grafu yake husomeka bila kukodoa macho. Kishindo cha mwanzoni mwa 2024 kinaonekana waziwazi: Januari dola ilipita shilingi 160 za Kenya, watu wakihofia hatifungani (hati ya mkopo wa Serikali) ya dola bilioni 2 iliyopaswa kulipwa Juni, Februari Serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeteremka hadi 130 na ushei. Mnunuzi wa mchele aliyahisi hayo bila kugusa dola hata moja, maana shilingi ya Kenya iliyonunua chini ya 16 za Tanzania mwezi Januari ilinunua zaidi ya 20 ilipofika katikati ya mwaka.

Tatizo hujitokeza unapoiuliza programu swali lile lile kwa upande wa pili, yaani shilingi moja ya Tanzania ilikuwa na thamani ya shilingi ngapi za Kenya. Hapo hujibu kwa desimali mbili tu. Nilikuwa na ankara ya shilingi 5,000,000 za Tanzania ya Januari hiyo. Programu ikaniandikia 0.06, nami, kwa haraka ya mwisho wa mwezi, nikazidisha na kupata shilingi 300,000 za Kenya. Mwenye mzigo, mama wa makamo ambaye hajawahi kuniamini kikamilifu, alifungua daftari lake la mistari ya miraba, akaweka kidole pembeni mwa tarehe, mahali alipokuwa ameandika kwa kalamu ya bluu “15.7”, yaani shilingi za Tanzania kwa moja ya Kenya, akasema, “Kijana wangu, mimi nilitoa laki tatu na kumi na nane. Hizo kumi na nane elfu zimekunywa maji wapi?” Sikuwa na la kujibu ila, “Pole, Mama, hilo ni kosa langu.” Na kwa kweli lilikuwa langu kwa nusu, kwani aliyezoea fedha hizi mbili hugawanya, hazidishi. Hata jedwali la kila siku la Benki Kuu ya Kenya huandika dola kwa idadi ya shilingi zetu, lakini kwa Tanzania na Uganda hugeuza, likaonyesha shilingi moja ya Kenya ni ngapi za kwao. Mtengenezaji wa programu angelitazama jedwali hilo mara moja tu, angeelewa sababu.

Upande wa historia ndipo nilipotarajia mengi, kwa kuwa tangazo lake linaahidi kumbukumbu “tangu uhuru”. Wakati wa uhuru nchi hizi zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, shilingi ya Kenya ikatoka Septemba mwaka huo huo, na hapo mwanzo sarafu hizo zilibadilishwa moja kwa moja. Programu inatoa tarakimu za 1964 pasipo neno lolote la kufafanua ni sarafu gani hasa zinazolinganishwa. Kati ya Februari 1977 na Novemba 1983 Tanzania ilikuwa imefunga mpaka wake na Kenya, nacho kiwango rasmi kiliendelea kuandikwa mabenki ilhali malori hayapiti Namanga. Katika grafu miaka hiyo inaonekana tulivu kama ziwa. Kisha kuna mteremko mkali wa 1986, Tanzania ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kushusha sana thamani ya shilingi yake. Mwaka 1993 ikawa zamu yetu: dola ilianza mwaka ikiwa takriban shilingi 36 na kuumaliza ikiwa takriban 68. Mambo haya yote yamechorwa kwa mstari mmoja wa kijani usio na maelezo, na msomaji asiyejua atadhani ni biashara ya kawaida iliyopanda na kushuka.

Siku za Jumamosi na Jumapili hurudia kiwango cha Ijumaa bila kukuambia. Mkaguzi wa hesabu hatalalamika sana, lakini ningependa kuambiwa.

Niliwaandikia kuhusu desimali. Walijibu baada ya siku mbili, kwa adabu, kwamba idadi yake inaweza kubadilishwa kwenye mipangilio, na kweli niliipata, ikiwa imefichwa ukurasa wa tatu chini ya chaguo la rangi, nikaiweka sita. Asubuhi iliyofuata nilifungua simu kumwonyesha yule mama, naye akainamia kioo na miwani yake puani. Ilikuwa imerudi mbili.