Terviseportaal ya Estonia: dawa bila karatasi, foleni palepale

Ukiingia Terviseportaal, tovuti ya taifa ya afya ya Estonia, usitarajie urembo. Thamani yake iko kwenye vitu viwili: cheti cha dawa, na kumbukumbu ya nani amefungua faili lako.

Mlango wake ni kitambulisho cha taifa chenye chipu. Weka programu ya kitambulisho kwenye kompyuta, chomeka kadi kwenye kisomaji, andika PIN1 ya tarakimu 4. PIN2, yenye tarakimu 5, ni ya kusaini tu, na kisheria saini hiyo ina uzito sawa na ya wino. Wengi huzichanganya. Ukikosea mara tatu mfululizo namba inajifunga, na hapo unatafuta PUK, namba ya kufungulia ya tarakimu 8 iliyokuja kwenye bahasha pamoja na kadi, ile bahasha ambayo hakuna anayekumbuka aliiweka wapi. Smart-ID, programu ya simu ya kujitambulisha, inapunguza usumbufu huu, maana haitaki kisomaji wala laini maalumu.

Cheti cha dawa cha kidijitali, kilichoanza 2010, kinastahili alama zote. Daktari akishakiandika, kinakaa kwenye mfumo, hakifungwi kwa duka moja. Unaingia duka lolote la dawa nchini, unatoa kitambulisho, mfamasia anakiona, na punguzo la bima linakatwa hapohapo. Dawa ya presha ikikaribia kuisha, unamwandikia au kumpigia daktari wa familia, naye anatoa cheti kipya bila wewe kukanyaga zahanati. Tangu 2019 hata wenye vyeti vya Ufini wanachukua dawa Estonia.

Haya yote yanabebwa na X-tee, njia ya kubadilishana data iliyoanza 2001. Hakuna ghala moja lenye kila kitu: kila taasisi inatunza data zake, na maombi yanapita kati yao yakiwa yamesainiwa na kusimbwa. Kinachounganisha ni namba ya mtu ya tarakimu 11.

Kila anayefungua rekodi yako anaacha alama, na wewe unaiona. Aliyechungulia bila sababu ya matibabu unaweza kumshtaki kwa mamlaka ya ulinzi wa data. Unaweza pia kuzifungia nyaraka, lakini pima kwanza: daktari mpya atakutibu bila kujua kilichomo.

Udhaifu upo. Mwaka 2014 Ofisi ya Ukaguzi ya Taifa ilisema kwamba katika mradi mzima wa afya ya kidijitali ni cheti cha dawa tu kilichokuwa kikitumika kwa wingi. Muhtasari wa matibabu bado mara nyingi ni maandishi marefu ambayo daktari lazima ayasome moja baada ya jingine, na kompyuta haiwezi kuyachambua vizuri. Mwaka 2017 nako, kadi zipatazo 760,000 zilikutwa na kasoro kwenye chipu. Ilipofika Novemba, ambazo hazikuwa zimesasishwa zikazimwa kwa matumizi ya mtandaoni. Ndiyo maana ni busara kuwa na njia ya pili ya kuingia, Smart-ID au Mobiil-ID, ile inayotumia laini maalumu ya simu.

Kuhusu madaktari bingwa, rufaa inatumwa kidijitali na nafasi za hospitali mbalimbali unaziona mahali pamoja. Nafasi zenyewe haziongezeki kwa hilo. Anayetaka kuwahi afungue ukurasa wa miadi mara kwa mara, kwa sababu mtu akighairi, nafasi yake inarudi sokoni.