Pilates ya mkekani Milimani, Kisumu: mgongo utashukuru, mizani haitashtuka

Kipindi cha Pilates, yaani mazoezi ya taratibu ya kuimarisha tumbo na mgongo, huchukua dakika 55, kuanzia saa 12:30 asubuhi. Kipo kingine cha jioni, ila chumba huwa bado kina joto la mchana na mikeka inateleza kwa jasho, kwa hiyo nenda asubuhi. Malipo ni shilingi 800, M-Pesa mlangoni.

Kinachofanya darasa hili listahili nauli ya boda ni kwamba robo saa ya kwanza hakuna anayeinua mguu. Watu wamelala chali, magoti yamekunjwa, nyayo ziko chini, na wanafundishwa kupumua. Hewa iingie puani na kutanua mbavu kwa pembeni. Itoke mdomoni huku sehemu iliyo chini ya kitovu ikivutwa ndani taratibu, pamoja na ile misuli ya kuzuia mkojo. Nguvu inayotakiwa ni kidogo tu, kama theluthi. Mgeni huvuta kwa nguvu zote, akakaza makalio na kubana pumzi. Hapo tumbo linafura badala ya kuwa bapa, msukumo unashuka kwenye nyonga, na aliyejifungua karibuni ndiye wa kwanza kuumia. Mwalimu hupita akiweka viganja kwenye mbavu za mmoja mmoja. Madarasa yanayoruka hatua hii na kukimbilia kuhesabu, eti wateja wanataka kutoka jasho, yanafundisha kitu kingine.

Kisha linakuja zoezi la Mia. Hili ni la Joseph Pilates mwenyewe, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, akazuiliwa kambini na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye akafungua studio New York. Kati ya mazoezi 34 ya mkekani aliyoyachapisha mwaka 1945, Mia ndilo la kwanza. Unainua kichwa na mabega, mikono imenyooka kando ya mwili, kisha unaipigisha juu na chini kidogo kidogo: mapigo 5 ukivuta pumzi, 5 ukitoa, mara 10. Shingo ikianza kuuma, kwa kawaida ni kwa sababu kichwa kimeinuka peke yake na tumbo halijafanya kazi yake. Laza kichwa, endelea na mikono tu. Miguu nayo isishuke kupita uwezo wa mgongo. Kiuno kikianza kuachana na mkeka, ipandishe au kunja magoti nyuzi 90. Mwalimu wa hapa huliona kosa hilo akiwa upande wa pili wa chumba, na hamwonei mtu haya kumrudisha nyuma.

Ila mikeka yao! Ni ile ya yoga, milimita 4 hivi, juu ya sakafu ya vigae. Mazoezi ya kubingirika kwa mgongo yanataka mkeka wa milimita 10 hadi 15, la sivyo kila pingili ya uti inagonga chini. Njoo na wako, au omba miwili uipandanishe. Jumamosi watu hujaa kiasi kwamba mwalimu mmoja hawezi kuwaona wote, na hilo linaua faida yote iliyotajwa hapo juu. Rifoma, ile mashine ya kiti kinachoteleza kwa springi, hawana. Si hasara kubwa, kwa kuwa katika baadhi ya mazoezi springi hubeba sehemu ya uzito wako. Mkekani unajibeba mwenyewe.

Kasoro nzito zaidi: mlangoni hakuna anayeuliza habari za afya. Sema mwenyewe. Mwenye mifupa iliyodhoofika aepuke kukunja mgongo kwa mbele, Mia ikiwemo, na mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya kwanza asilale chali kwa muda mrefu. Mwenye presha asibane pumzi kamwe.

Na faida? Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, ulionyesha kwamba kwa maumivu ya kiuno Pilates inasaidia kuliko kukaa bila kufanya lolote, ingawa haikuthibitika kuyapita mazoezi mengine. Kwa mwendesha boda, karani wa benki au mama anayeinamia samaki kutwa nzima, hiyo inatosha. Anayetafuta kupunguza kilo asidanganywe na picha za matangazo: mkekani huchomi nguvu nyingi. Apande kilima cha Riat kwa miguu mara kadhaa kwa wiki, Pilates imsaidie kusimama wima akipanda.

Njoo peku, maana soksi za kawaida huteleza kwenye vigae, na usile mlo mzito kabla ya kulala chali. Nafasi zinawekwa kwa WhatsApp usiku wa kuamkia kipindi. Chagua Jumanne au Alhamisi, ndipo mwalimu anapopata muda wa kukufikia.