Manowari ya kuunga mwenyewe: ukiwa Kigoma, nunua ipi?

Nianze na jibu. Nazungumzia meli ndogo za mfano, zinazouzwa kama seti ya vipande vya plastiki vya kubandika mwenyewe. Ukiipata seti ya SMS Emden ya kampuni ya Revell, skeli ya 1/350 (yaani meli halisi imepunguzwa mara 350), chukua hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Emden ilikuwa manowari ya Ujerumani ya kizazi kimoja na Königsberg, ile iliyoangamia delta ya Rufiji Julai 1915. Kila moja ilibeba mizinga 10 ya sentimita 10.5. Mizinga ya Königsberg iliopolewa, na mmoja ukaletwa hapa Kigoma ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika. Kwenye seti ya Emden, mtutu wa mzinga wa aina hiyo una urefu wa kama milimita 12. Unaushika kwa kibanio, unausugua kwa msasa laini, unaubandika, na historia ya bandari yetu iko kwenye ncha ya vidole. Emden nzima inafika kama sentimita 34, kwa hiyo inakaa vizuri juu ya kabati.

Liemba yenyewe si rahisi kuikuta dukani, ingawa nayo ilianza kama seti: iliundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaungwa upya hapahapa. Mwenye mkono mzuri aikate kwa kadibodi ngumu kwenye skeli ileile ya 1/350. Itatoka kama sentimita 20, na ikiwekwa kando ya Emden utauona ukubwa halisi wa kila moja.

Ya pili ni HMS Belfast, manowari ya Uingereza, seti ya kampuni ya Airfix, 1/600. Kwa anayeanza, au mwanafunzi, ndiyo ningemnunulia: vipande si vingi na haimalizi mfuko. Ni seti ya zamani, kwa hiyo tegemea mapengo ya kuziba na kingo za kusawazisha.

Ya tatu, Bismarck, manowari ya Ujerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, ya 1/700, karibu sentimita 36. Usivutiwe na ile ya 1/350. Ni nzuri sana, lakini inapita sentimita 70, na vumbi la kiangazi litakushinda usipoitengenezea sanduku la kioo.

HMS Victory, meli ya matanga ya amiri Nelson wa Uingereza, naiweka mwisho, tena kwa uchungu, maana ni meli ya kupendeza mno. Kamba za milingoti zinamkatisha tamaa mtu kabla hajamaliza. Iwe ya tatu au ya nne kwako.

Sasa gundi, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Seti nyingi hazina gundi wala rangi ndani. Supa gluu ya dukani inashika, ila inaacha ukungu mweupe na kiungo kinakatika kirahisi. Tafuta gundi maalumu ya plastiki, inayoyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Fungua dirisha unapoitumia. Gundi hiyo na rangi za kopo huwaka moto, kwa hiyo usitegemee zije kwa ndege. Agiza Dar kwa mtu anayejua utaratibu wa kusafirisha vitu vya aina hiyo kwa nchi kavu. Masika, ipe rangi muda mrefu zaidi ikauke kabla ya mkono wa pili.

Ukinunua kwa mtu seti iliyokwisha funguliwa, mwombe picha ya kila fremu (ile plastiki inayoshikilia vipande) na ya karatasi ya maelekezo, uhesabu namba za vipande moja baada ya nyingine kabla hujatuma pesa.