Kijiwe cha kahawa Magomeni Mapipa (na ile semina yangu ya elfu sabini)

Bei kwanza maana najua ndo mtakayouliza. Kikombe cha kahawa mia mbili, kashata ya karanga mia mbili, ya nazi nayo mia mbili ila inawahi kuisha, maji ya kwenye jagi bure. Ukiwa na buku unakunywa, unakula na unamlipia na aliyekaa pembeni yako. Menyu ndo imeishia hapo, usiulize chapati.

Kupafika: ukiwa Dar unashuka mwendokasi kituo cha Mapipa unaingia mitaa ya ndani kidogo, ukimpita fundi cherehani utaanza kusikia vikombe vinagonganishwa, fuata hiyo sauti. Hamna kibao wala jina. Kuna jiko la mkaa, birika la shaba lililoungua likawa jeusi mpaka shingoni, mabenchi matatu (lile la katikati usikae mwishoni, akinyanyuka mtu wa upande wa pili unaenda chini, mi nilishaenda), na ubao wa drafti ambao kete zake ni vizibo vya soda, huyu vyake vimelala kifudifudi yule vyake chali. Wanaanza baada ya swala ya alfajiri mpaka saa nne hivi asubuhi, halafu wanarudi alasiri mpaka saa tatu usiku.

Kahawa yenyewe ni chungu kwelikweli. Mzee mwenye birika anasema anachanganya buni ya Bukoba na ya Kilimanjaro, anakaanga na kutwanga mwenyewe, na ule uzito unaousikia mdomoni ni wa Bukoba, wa Kilimanjaro yeye anauita harufu. Sukari haiwekwi, sukari ni hiyo kashata unaing'ata kidogo unashushia. Tangawizi ataanza yeye kukuuliza. Mi siitaki tangawizi, inanikwaruza koo, shikilieni hilo maana ntalirudia.

Sasa mtaniuliza kijiwe cha mia mbili kinahitaji maelezo yote haya ya nini. Ni hivi, mwaka jana nlikua nimechoka, sio mgonjwa, nimechoka tu, kazi ipo, mshahara unaingia, nina tv kubwa ukutani na friji ya milango miwili ambayo ndani ina maji na ndimu, lakini ikifika jumapili jioni nakaa kwenye kochi naona kama kuna kitu nimekisahau mahali na sikumbuki ni nini. Rafiki yangu akaniambia kuna semina, hoteli moja hapa mjini, siku nzima, inahusu furaha. Elfu sabini pamoja na chakula. Nikaenda.

Sitaitaja, watu wanatafuta riziki. Wali ulikua mzuri, kuku pia. Mlangoni tumepewa kadi za majina tukabandika kifuani, halafu kaka mmoja wa suti anatembea na maiki anatwambia furaha ni uamuzi, amka asubuhi jiangalie kwenye kioo utabasamu, andika malengo kumi, nikaandika kumi, manane yote yalikua vitu vya kununua. Msemo wake mkubwa aliokua anaurudia tuupigie makofi ni ule wa mtaani, raha jipe mwenyewe. Saa kumi tukapiga picha ya pamoja nikarudi nyumbani na lile jina langu kifuani, nimelibandua bafuni, na kwa siku nzima hakuna mtu hata mmoja aliyenita kwa hilo jina. Nyota mbili, zote za kuku.

Kijiweni nlifika kwa bahati mbaya tu, nlipeleka suruali kwa yule fundi kupunguza miguu akaniambia subiri nusu saa kakae pale kwenye kahawa. Nikakaa. Walikua wanabishana Simba na Yanga, mmoja anasema sisi wakubwa tumezaliwa 1935, mwenzie anamwambia mkubwa wa mwaka mmoja ndo nini, uzee sio makombe, nikajikuta nimetia neno. Nusu saa ikawa saa mbili na nusu, suruali nikaifuata kesho yake. Toka hapo naenda karibu kila jioni.

Ntakayosema sasa ni mawazo yangu, msinipige mawe. Raha kweli unaweza kujipa mwenyewe. Kuoga maji ya moto, kula kiepe yai usiku, kulala mpaka saa tano jumamosi, hiyo raha, jipe. Furaha mi naona hujipi, unapewa, na wanaokupa mara nyingi hawajui kama wamekupa. Tena sisi waswahili tuliyatenganisha haya maneno zamani sana, raha mbali, furaha mbali, kuridhika mbali, ila siku hizi tunayachanganya yote kwenye sufuria moja halafu tunashangaa mchuzi haueleweki.

Siku moja mwalimu mmoja mstaafu pale kijiweni alisoma kwenye simu kwamba Finland ndo wanaongoza tena kwa furaha duniani, wamekua namba moja kila mwaka toka 2018. Weee, zogo lake. Huku mtu anauliza nchi ina baridi vile wanafurahia nini, huku mwingine anasema sisi mbona tunacheka kila siku halafu tunawekwa kule chini. Mwalimu akaeleza kwamba hawahesabu vicheko, wanamwambia mtu afikirie ngazi ya maisha, sifuri mpaka kumi, yeye anajiona kasimama kidato cha ngapi. Hapo pakawa kimya kidogo. Maana sote tunajua kucheka tunacheka, lakini ukiulizwa kidato unaanza kupiga hesabu ya kodi, ada, na mama kijijini, na unajibu kwa hizo hesabu. Kwa hiyo msinielewe vibaya kwamba hela haina maana, anayesema hela haileti furaha mpeni bili ya hospitali tumsikilize. Mzee wa birika mwenyewe kila nikienda analalamika bei ya mkaa.

Mwalimu hakuishia hapo, akaleta na ule utafiti wa chuo cha Harvard Marekani ulioanza 1938, waliwafuatilia vijana mpaka wakawa wazee, baadae na watoto wao, wanaangalia afya zao na maisha yao, na kilichojitokeza sana ni kwamba waliokua na mahusiano mazuri na watu ndo walizeeka vizuri kuliko wale walioshika pesa na majina makubwa. Mzee wa birika akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, hao watu walikua wanakunywa nini? Mwalimu akasema hilo hawajaandika. Basi mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeona kasoro kwenye hesabu akaendelea kumimina.

Mimi yangu niliyapata kwa njia nyingine. Mwezi wa nne homa ilinilaza siku nne. Kazini niliandika ujumbe mmoja wakajibu pole, na kidole gumba. Siku ya tatu jioni geti linagongwa, kijana wa bodaboda simjui, ananiambia shikamoo kaka, mzee wa kahawa kanituma, anauliza yule asiyetaka tangawizi mbona haonekani. Nikamuuliza hapa kwangu kaelekezwa na nani, akasema walienda kwa fundi cherehani, fundi jina langu halijui ila akakumbuka suruali na mtaa nlioutaja. Ameniletea kashata mbili kwenye kipande cha gazeti. Mdomo mchungu vile siwezi kula hata uji, nikaziweka juu ya friji ya milango miwili nikarudi kulala, na nakwambia ile jumapili yangu ya kusahau kitu haijarudi tena toka siku hiyo.

Yaani jina langu hawalijui mpaka leo! Wanajua nisichokunywa, wanajua nabishana vibaya nikifungwa drafti, wanajua nakaa benchi gani, basi. Na ukiniuliza mtu mwenye furaha ni nani ntakwambia ni yule ambaye asipoonekana siku tatu kuna sehemu wataulizana, nyingine zote ni mapambo.

Haya, kasoro, maana zipo na sitaficha. Vikombe vyote vinaoshwa kwenye ndoo moja na ikifika saa mbili usiku yale maji yenyewe yameshakua kahawa. Mi nafika mapema. Choo hamna, unaomba nyumba ya jirani na inabidi uwe umemsalimia toka mwanzo. Mbu wapo. Mvua ikinyesha kijiwe kinakufa, wanabana chini ya bati la fundi, na kama unatokea mjini wakati wa masika we baki tu huko maana Jangwani pakijaa maji mabasi hayavuki. Halafu wanawake ni kama hawapo, anakuja mama mmoja muuza vitumbua anakunywa kwa kusimama anaondoka. Nimewahi kusema tuongeze benchi, wakacheka, mmoja akasema na sisi tutakua na siri gani tena. Hilo silipendi kabisa, kama hii kitu inatutibu sisi kwanini dada zetu wasimame?

Nyota nne. Ya tano imezama kwenye ile ndoo.

Ah, na msiende na noti ya elfu kumi, chenji hamna, ataandika deni kwenye daftari kwa jina atakalojua yeye. Wiki iliyopita ndo imefika zamu yangu ya kutumwa, fundi redio hajaonekana siku mbili, nikapewa kashata mbili kwenye gazeti nikaambiwa nyumba ya geti la bluu nyuma ya msikiti. Nimefika moyo unadunda, nimeshapanga na maneno ya kumwambia mgonjwa. Namkuta juu ya ngazi anapaka rangi dari, mzima kabisa, redio inaimba. Akashuka, akazichukua kashata zote mbili akala hapohapo, akafuta mdomo, akaniambia mwambie mzee kesho nakuja, na lile deni langu la elfu na mia nne asijifanye ni sababu ya kunitumia watu.