Kava la Pikipiki Inayolala Nje: Tazama Tundu la Hewa Kwanza

Masika haya malalamiko ya wasomaji yamekuwa ya aina moja. Kava jipya, halijatoboka, mishono mizima, mvua haipenyi, lakini cheni imeshika kutu na siti imeota ukungu. "Dada, nimepigwa?" Msomaji mmoja wa Kigamboni alinitumia picha za Boxer yake: spoki zimepiga wekundu kuanzia kwenye rimu, na chini ya tangi, pale linapopita bomba la mafuta, matone yamening'inia. Picha alipiga saa moja asubuhi, na usiku ule mvua haikunyesha kabisa.

Kwa hiyo leo sizungumzii kama kava linazuia mvua. Makava yote huzuia mvua mwezi wa kwanza. Rangi yake, mfuko wake wa kubebea, na ile picha ya pikipiki kubwa iliyochapwa ubavuni, hayo mtaulizana na muuzaji. Mimi nina swali moja: pikipiki itapumua wapi?

Jioni unarudi, injini bado ya moto, matairi yamelowa, chini ni udongo ulioshinda ukinywa maji. Unafunika. Mvuke unapanda kutoka ardhini na kwenye pikipiki yenyewe, unakutana na plastiki. Usiku anga likiwa jeupe, kava hupoa mapema kuliko vilivyo chini yake kwa sababu ndilo linalotazama juu, na ule mvuke unageuka matone upande wa ndani, kama kwenye kifuniko cha sufuria ya wali. Yakishakuwa mazito yanadondoka: kwenye tangi, kwenye swichi za usukani, kwenye cheni. Jua likichomoza kava linachemka, maji yanakuwa mvuke tena, na kwa kuwa hakuna pa kutokea, kesho usiku yanarudi yaleyale. Tia na chumvi ya bahari hapo. Chumvi huvuta unyevu wa hewani na kuukalisha juu ya chuma, ndiyo maana pikipiki ya Msasani, Tanga au Mtwara inaliwa na kutu upesi kuliko ya Dodoma hata kama makava yametoka duka moja. Huko Dodoma cha kuogopa ni jua na vumbi, na ukiishi huko nusu ya makala haya unaweza kuyaruka.

Lakini pwani nasema wazi: kava lisilo na tundu la hewa ni baya kuliko kutokuwa na kava. Pikipiki iliyolowa nje ikipigwa na upepo, saa nne asubuhi imekauka. Iliyofungiwa haikauki.

Tundu la maana linajulikana. Yawe mawili, yakae juu, usawa wa saitimira, kwa sababu hewa ya moto yenye unyevu inapanda. Kila moja liwe na kikofia kinachotazama chini ili mvua isiingie, na wavu kwa ndani, la sivyo nyigu wa udongo watahamia humo na kujenga. Kikofia kiwe na kitu kigumu cha kukiinua, hata kipande cha sponji. Kisipokuwa nacho, mvua ya kwanza kinalowa, kinajilaza na kuziba, basi umerudi ulikotoka.

Na hapa ndipo penye ujanja. Makava mengi niliyoyapekua Kariakoo yana kikofia kizuri kabisa, kimeshonwa kwa uzi wa rangi, lakini ukiingiza kidole unakuta kitambaa kizima nyuma yake. Hakuna tundu. Ni urembo! Ingiza kidole kabla hujauliza bei. Muuzaji akinuna, anune.

Kingine kinachosahaulika ni lastiki ya chini. Hewa haiwezi kutokea juu kama haina pa kuingilia chini. Kava linalofika ardhini na lastiki yake imebana matairi limeziba mlango. Liishie usawa wa habu za magurudumu, na kazi ya kulizuia lisipeperuke ifanywe na mkanda wa kupita chini ya injini.

Sasa nipange.

Namba moja ni Nelson-Rigg Defender Extreme, kampuni ya Marekani, na upendeleo wangu sifichi. Matundu yake ni matundu kweli. Upande wa ekzosi kuna kinga ya joto, penye kioo cha mbele kuna kitambaa laini kisichokwaruza, na chini kuna vipete vya kupitishia cheni ya kufuli. Walioliunda wamefikiria pikipiki isiyo na gereji, na hilo si jambo la kawaida kwenye biashara hii. Kasoro yake ni kwamba dukani hapa hulioni. Utaagiza nje, na usafiri unaweza kukuuma kuliko kava lenyewe. Agizeni wawili watatu mgawane mzigo. Chukua saizi ndogo kama una Boxer au TVS, na upime pikipiki ikiwa na keria na saitimira zake, siyo ile ya kwenye brosha.

Namba mbili haina nembo: kava la kushonesha. Nenda kwa fundi anayeshona viti vya magari na maturubai ya malori, umpelekee pikipiki yenyewe aipime. Mwombe turubai la pamba kwa mgongo, maana lile la plastiki linalong'aa halipitishi hata pumzi. Pamba hulowa kidogo mvua ikiwa kubwa, lakini nyuzi zake zikinywa maji huvimba na kubanana, na jua likitoka inakauka yenyewe. Mwambie atoboe matundu mawili ya upana wa kiganja, aweke wavu wa dirishani na kofia juu yake. Atakuuliza kwa nini unatoboa kava jipya. Mweleze taratibu, maana ukimwachia afuate akili yake atakushonea hema. Mkanda wa tumboni uwe na bakoli ya plastiki. Ya chuma itashika kutu na kukwaruza ekzosi. Ndani, penye tangi, ashonee kipande cha flana au fulana kuukuu iliyofuliwa. Kava la namna hii ni zito na ukilikunja halienei chini ya siti. Basi.

Namba tatu, Oxford Stormex la Uingereza. Kitambaa kizito, ndani laini, upande wa ekzosi linahimili joto. Nimelishusha kwa sababu ya saizi: yanayofika kwetu mengi ni L na XL, na pikipiki ya cc 125 inapotelea humo. Kitambaa kilichozidi kinapigwa na upepo wa kusi usiku kucha na kuisugua rangi ya tangi. Ukiipata S, ipande hadi namba mbili. Mdogo wake, Aquatex, ni jepesi, linafaa pikipiki inayolala barazani. La nje mwaka mzima silishauri. Dowco Guardian WeatherAll Plus nalo lina matundu ya kutolea unyevu na ningelisifu zaidi kama lisingekuwa limekatwa kwa ajili ya mapikipiki makubwa ya Kimarekani.

Yale mepesi ya rangi ya fedha yanayouzwa yakiwa yamekunjwa kwenye vimfuko: rangi ile inabanduka na kuganda kwenye tangi. Kama ndiyo uwezo wako leo, lichukue, toboa mwenyewe, na Juni utanunua lingine.

Nisiache hizi namba za kwenye mifuko, kwa sababu zinaniudhi. Kwenye duka moja, jina nalihifadhi, kijana aliniambia kava la 190T ni zito, na la 210D "limezidi kwa ishirini tu". Hivyo ni vipimo viwili visivyohusiana. T ni idadi ya nyuzi zilizomo katika inchi moja ya mraba ya kitambaa, za wima na za ulalo zikijumlishwa. D ni uzito wa uzi wenyewe: gramu ngapi kwa kila mita 9,000. Kitambaa chenye nyuzi 190 kinaweza kuwa cha mwavuli, na mara nyingi ndicho. Kwa pikipiki ya kulala nje tafuta 300D kupanda, halafu usiamini karatasi. Shika kitambaa, kikunje, kiachie. Kikibaki na alama nyeupe kwenye mkunjo, lile tabaka la kuzuia maji limeshaanza kupasuka kabla halijaona mvua.

Kijana yuleyule alinitajia bei moja, na kaka aliyeingia nyuma yangu na helmeti mkononi akatajiwa pungufu karibu ya nusu, kava lilelile, mimi bado nimesimama palepale. Nilipouliza, nikaambiwa bei yangu ina VAT. Nikasema sawa, nipe risiti ya EFD. Mashine ikawa imeharibika ghafla. Kina dada, nendeni na helmeti hata kama mmekuja kwa daladala.

Ukishalipata, usilifunike juu ya pikipiki yenye maji. Acha ekzosi ipoe kiasi cha nusu saa, na ikiwa umepita barabara ya ufukweni, ndipo uimwagie maji baridi ya bomba kuondoa chumvi, uipanguse. Mchana wenye jua livue lote, uligeuze ndani nje, ulianike kwenye kamba. Wanaolifunga Jumamosi na kulifungua Jumatatu ndio wanaonitumia picha za spoki.

Mwisho, kava nalo huibiwa, hasa likiwa zuri. Namba yako ya MC iandike kwa rangi ya mafuta ubavuni, herufi za urefu wa kiganja, na ndani karibu na mkanda uiandike tena. Linaharibika sura, najua. Ndiyo dawa yake, maana hakuna wa kulinunua gengeni likiwa na namba ya mtu.